Mafuta inageukaje kuwa mtungi, na kwa nini posti zako zinavunjika

Swali limetoka kwa kijana wa Manyatta, Kisumu. Ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wanne tunaokota na kununua plastiki mtaani tunauza kwa kilo. Juzi tumeanza kuyeyusha wenyewe kwa pipa tunamwaga kwa moldi tutengeneze posti za fensi. Zingine zinatoka ngumu poa, zingine ukigonga na nyundo zinavunjika kama biskuti na ndani unaona punje punje kama mchanga. Naskia plastiki yote inatoka kwa mafuta, sasa kama mama ni mmoja mbona watoto hawaskizani? Halafu kama ilikuwa mafuta, si naeza irudisha ikuwe petroli niweke kwa bodaboda?"

Marahaba kijana wangu. Hilo swali lako la mama na watoto limenifurahisha sana, manake nimefanya kazi miaka kumi na mbili kwa kiwanda cha plastiki huku Nakuru na watu wazima wenye vyeo hawajawahi niuliza hivyo. Nitakujibu yote matatu lakini itabidi tuanze na mafuta yenyewe, juu ukielewa kitu moja tu kuhusu mafuta, hizo posti zako utajua zinavunjika kwa nini hata kabla sijakwambia.

Mafuta ghafi, yani ile inatoka ardhini kabla haijasafishwa, si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya vitu, na karibu vyote vimejengwa na atomu, yani chembe ndogo ndogo, za aina mbili tu, kaboni na haidrojeni. Kaboni ina mikono minne, haidrojeni ina mkono mmoja. Kaboni inapenda kushikana na kaboni mwenzake, halafu mikono inayobaki inashikwa na haidrojeni, basi unapata mnyororo. Mnyororo wa kaboni tatu ama nne ni gesi ya kupikia, ile iko kwa mtungi wako jikoni. Kuanzia kaboni tano hivi mpaka kumi na mbili unapata petroli. Ukienda kwa kumi mpaka kumi na sita unakutana na mafuta taa, halafu dizeli inaendelea hapo mbele. Ukivuka ishirini inaanza kuganda, hiyo ndio nta ya mshumaa, kaboni ishirini mpaka arobaini hivi. Na huko chini kabisa kuna lami, ile wanamwaga barabarani.

Ona sasa. Atomu ni zilezile, mpangilio ni uleule, tofauti ni urefu tu, na urefu peke yake umetoa gesi ukaifanya kimiminika halafu ukaifanya kitu kigumu unaweza shika na mkono. Mafuta ya Turkana, ile iligunduliwa 2012 pale kisima cha Ngamia-1, ina nta nyingi, ikipoa inaganda, ndio maana malori yaliyoanza kuishusha Mombasa mwaka wa 2018 yalibeba matenki ya kutunza joto, vinginevyo ingefika huko haitoki kwa tenki.

Sasa jiulize, kama kaboni thelathini ni mshumaa, kaboni elfu kumi itakuwa nini? Itakuwa mtungi wa manjano wa lita ishirini. Simaanishi kwa mfano, ndivyo ilivyo kabisa. Ule mtungi wa mafuta ya kupika na mshumaa ni ndugu wa damu, kaboni moja na haidrojeni mbili, kaboni moja na haidrojeni mbili, hivyo hivyo mpaka mwisho, ila mmoja ni mfupi na mwingine ni mrefu ajabu. Ukikata mshumaa unavunjika kap! kwa sababu minyororo yake ni mifupi, imelalana tu kama njiti za kiberiti, ukisukuma inaachana. Mtungi hauvunjiki juu minyororo yake ni mirefu mpaka imepitana na kufungana kama nyuzi za wavu ulioachwa kwa mtumbwi bila kukunjwa. Mvuvi yeyote wa Dunga atakwambia wavu wa hivyo hauutoi kwa kuvuta. Shika hiyo, tutairudia.

Mafuta inafikaje huko? Kwanza inapashwa moto kwa tanuru mpaka digrii 350 hadi 400, inaingia kwa mnara mrefu, ile nyepesi inapanda juu kama mvuke na ile nzito inabaki chini, na katikati kila moja inapoa ikarudi kuwa kimiminika kwa kiwango chake inachotwa pembeni. Kenya tulikuwa na kiwanda cha hivyo pale Changamwe, kilianza 1963 kikaacha kusafisha 2013, siku hizi tunaleta mafuta ikiwa imesafishwa tayari, inapita kwa bomba kutoka Mombasa, Nairobi, Nakuru, tawi moja linaenda Eldoret na lingine linashuka kwenu Kisumu. Kwa ule mnara kuna sehemu moja inaitwa nafta, inafanana na petroli nyepesi, na hiyo ndio plastiki inatoka. Nchi zenye gesi nyingi kama Marekani na Saudia wanatumia sana ethani ya kwa gesi badala ya nafta, lakini safari baada ya hapo ni ileile.

Nafta inachanganywa na mvuke wa maji inapitishwa kwa mapaipu ndani ya tanuru ya digrii kama 800 au 850. Inakaa humo chini ya sekunde moja, halafu inapozwa ghafla. Kwa huo muda mfupi minyororo inapasuka vipande vidogo, na kwa sababu haidrojeni haitoshi kila mmoja, kaboni mbili zinajikuta zinashikana kwa mikono miwili miwili. Hapo umepata ethilini, kaboni mbili na haidrojeni nne. Kaboni tatu inaitwa propilini. Zinatoka pia butadini ya kutengeneza matairi, na benzini ya vitu vingi sana. Zote zinatoka zimechanganyika kwa hivyo zinapozwa mpaka zinakuwa maji maji ndio zitenganishwe, na ethilini yenyewe haikubali kuwa maji mpaka ufike digrii 104 chini ya sifuri kama huijazii presha. Yani umetoka joto la kuyeyusha aluminiamu ukaingia baridi hakuna mtu amewahi iona hapa kwetu, yote kwa kiwanda kimoja. Kenya hatuna hicho kiwanda. Viwanda vyetu vyote, hata nilikofanya mimi, vinanunua punje za plastiki zimeletwa na meli, kwa magunia ya kilo 25, zinafanana na mchele mnene.

Na usidhani ethilini ni kitu kigeni. Mama akifunika ndizi za Kisii kwa gunia na moja iliyoiva ndani, siku ya tatu zote zimeiva, sivyo? Hiyo ndizi moja ilikuwa inatoa ethilini. Ni gesi ileile kabisa. Hata unaweza itoa kwa pombe kali ya miwa, unaondoa maji kwa ile pombe inabaki ethilini, Brazili wanatengeneza plastiki hivyo kwa kiwango cha kiwanda tangu 2010. Huwa naiwaza kila nikipita Muhoroni nikinusa pale wanapotoa spiriti kwa molasi.

Sasa kuunganisha. Ile mikono miwili ya katikati ya ethilini, mkono mmoja unaweza achiliwa. Unahitaji mchokozi wa kwanza, kitu chenye mkono mmoja wazi kinatafuta wa kushika. Kinashika ethilini ya kwanza, ethilini inaachilia mkono wake mmoja ndio umshike, sasa mkono wa upande wa pili umebaki wazi, unashika ya pili, ya pili inashika ya tatu, kama watoto wa shule wakishikana mikono uwanjani, na hiyo inaendelea maelfu ya mara kufumba na kufumbua. Wa kwanza kuiona walikuwa Eric Fawcett na Reginald Gibson, Uingereza, Machi 1933, kwa kampuni ya kemikali ya ICI. Walikuwa wanajaribu kitu kingine kabisa kwa presha kubwa, wakafungua chombo wakakuta kitu cheupe kama nta. Wakijaribu tena wakati mwingine inakubali wakati mwingine inalipuka, mpaka baadaye ikajulikana oksijeni kidogo iliyokuwa inaingia ndio ilikuwa mchokozi.

Presha yenyewe ni kati ya 1,000 na 3,000 za hewa ya kawaida, na tairi ya bodaboda yako ina kama mbili tu. Kwa presha hiyo mnyororo unaota matawi. Umewahi ona trela la miwa na lile la matawi ya miiba ya kuzungushia boma? Miwa imenyooka, inalala pamoja, inabana, trela linabeba tani na tani. Miiba ina matawi, hewa imejaa katikati, mzigo mkubwa lakini mwepesi. Plastiki ya matawi ndio ile laini ya paketi ya maziwa na shiti za kufunika nyanya, inayeyuka kama digrii 110. Halafu 1953 Karl Ziegler, Mjerumani, akapata kichocheo, yani kitu cha kuchochea kazi, chenye titani na aluminiamu, kinachounganisha ethilini bila presha kubwa na mnyororo unatoka umenyooka kama miwa, hiyo ndio plastiki ngumu ya mtungi na kreti ya soda, inayeyuka karibu digrii 130. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia akatumia aina hiyo ya kichocheo kwa propilini, akapata polipropilini, viti, mabeseni, magunia ya sukari, hiyo inataka digrii 160 hadi 165. Wote wawili walipewa Nobel 1963.

Hapa nikurekebishe kitu kidogo, watu wengi huku kwetu wanaita kila karatasi ya plastiki "nailoni". Zile mifuko zilizokatazwa tarehe 28 Agosti 2017 hazikuwa nailoni, ilikuwa polithini, yani hiyo minyororo ya ethilini tumesema, ya matawi ni polithini laini na iliyonyooka ni polithini ngumu. Nailoni ya kweli ilitengenezwa na Wallace Carothers Marekani mwaka wa 1935, hiyo ndio iko kwa nyavu za samaki, na ukiniletea nyavu kwa pipa lako la mitungi tutakosana, juu inayeyuka zaidi ya digrii 220.

Basi tuingie kwa posti zako.

Chupa ya maji na soda ni plastiki nyingine kabisa inaitwa PET. Kwa mnyororo wake kuna vipande viwili vinavyopishana, kimoja kimetoka kwa ethilini na kingine kwa zailini, ndugu ya benzini, na kila vikiungana vinatupa maji kidogo sana, molekuli moja ya maji kwa kila fundo. PET inayeyuka kama digrii 250 na zaidi. Kifuniko cha hiyo chupa ni polithini ngumu ama polipropilini. Sasa wewe unatupa chupa na kifuniko chake kwa pipa, joto likifika 180 kifuniko na mitungi vimekuwa uji, lakini chupa zimekunjamana tu zikawa vipande vigumu vimetapakaa ndani ya huo uji. Unakoroga, unaona kila kitu kimekuwa cheusi ni kama vimechanganyika, unamwaga kwa moldi. Ile "mchanga" unaona ukivunja posti, kwa maelezo yako mimi nina hakika sehemu kubwa ni PET ambayo haijawahi kuyeyuka. Posti imejaa kokoto ambazo hazijashikana na chochote.

Utasema basi naongeza kuni nifike 260. Usifanye hivyo. Kwanza mitungi yako itaanza kuungua kwa hiyo hewa. Pili kumbuka ule wakati PET ilikuwa inaunganishwa ilitupa maji, sasa ukiirudishia maji kwa joto hilo, yale maji yanaenda palepale kwa fundo yanalifungua. Chupa za kuokota ziko na unyevu, hata ukizianika jua la Kisumu siku nzima bado zimebeba unyevu ndani ambao huuoni. Kiwandani tulikuwa tunakausha PET kwa mashini ya hewa kavu ya moto masaa kadhaa mpaka maji yawe chini ya gramu moja kwa kilo ishirini ndio tuguse. Usipokausha mnyororo unakatika katika, na mnyororo mfupi ni nini? Ni mshumaa. Umechukua chupa ukaifanya mshumaa. Kwa hivyo chupa ziuze vile ziko, zimefinywa na kufungwa, wanunuzi wapo, usizipike.

Jambo la pili, hata zile zinazoyeyuka pamoja haimaanishi zimeoana. Swali lako la watoto wa mama mmoja jibu lake liko hapa. Polipropilini na polithini zote zimetoka nafta moja, mnara mmoja, pengine siku moja, lakini minyororo yao haina umbo moja, ile ya polipropilini ina kaboni ya ziada imening'inia kila hatua ya pili. Ukiziyeyusha zinakuwa kama mafuta na maji ulivyokoroga, vitone vya moja ndani ya nyingine, na zikipoa kila moja inajikunja kivyake. Kwa mpaka kati yao hakuna nyuzi zimepitana, na nyundo inajua kutafuta huo mpaka. Polithini laini na ngumu zinavumiliana vizuri kwa posti nene kama yako. Polipropilini kidogo imeingia bahati mbaya haitaangusha kitu, lakini ikiwa nusu kwa nusu usishangae.

Ya tatu ni jua. Kile kiti kimekaa nje ya kinyozi miaka mitano kimekuwa cheupe kama kimepakwa unga, mtu akikalia mguu unakatika, umeona? Mwanga wa jua na oksijeni vimekata minyororo pole pole. Ukiokota kiti hicho ukaweka kwa pipa umeweka nyuzi zilizokwisha katika. Ndio maana matenki ya maji mengi ni meusi, ule weusi ni masizi laini, kama asilimia mbili hivi, yanakunywa mwanga kabla haujafika kwa mnyororo. Kwa posti zako pia nakushauri uache nyeusi, usihangaike na rangi.

Na ya nne ni pipa lenyewe. Moto uko chini, plastiki haipitishi joto vizuri, kwa hivyo juu iko digrii 120 bado ina madonge na pale chini kwa bati imefika 300 na kitu inatoa moshi. Moshi mzito ni minyororo inakatika inapanda hewani, na ni mapafu yako inaingia. Tafuta fundi wa umeme akuuzie kipima joto cha waya, kile wanatumia kwa oveni za mikate, ukae kati ya 180 na 200, ukoroge kila wakati, na upike kidogo kidogo badala ya pipa zima.

Kupanga aina, una nambari kwa pembetatu chini ya chombo. 1 ni PET, 2 polithini ngumu, 3 PVC, 4 polithini laini, 5 polipropilini, 6 polistirini, 7 ni zingine zote. Lakini najua nusu ya vitu mnaokota vimevunjika nambari haipo. Basi chukua beseni la maji, weka sabuni kidogo, kata kipande kama ukucha wa kidole gumba, kizamishe na kidole hadi chini halafu uachilie. Polithini na polipropilini zitapanda juu. PET, PVC, nailoni na polistirini ngumu zitabaki chini. Ile sabuni ni muhimu, bila hiyo kipande kinaweza shikilia povu ya hewa kielee kikudanganye. Thamokoli nyeupe, ile polistirini nyepesi ya povu, itaelea juu imejaa hewa, hiyo unaitambua na macho. Na kuna viti vimechanganywa na chokaa kiwandani vipunguze gharama, hivyo vinaweza zama ingawa ni polipropilini, viache tu nje. Kati ya zilizoelea, polithini ukiikwaruza na ukucha inakubali na ukiigusa iko kama ina nta, na kipande kidogo ukikiwasha kikizima kinanuka mshumaa uliopulizwa. Sasa unajua kwa nini kinanuka mshumaa.

Kuna moja sitaki kabisa iingie kwa pipa lako nayo ni PVC, hiyo nambari 3. Mapaipu ya maji taka ya kijivu, maganda ya nyaya za umeme, gamubuti, makoti mengi ya mvua. Zaidi ya nusu ya uzito wake, kama asilimia 57, si mafuta hata kidogo, ni klorini iliyotoka kwa chumvi. Ukiipasha moto bila dawa za kiwandani, hata kabla haijayeyuka vizuri, ile klorini inashika haidrojeni inatoka kama asidi ya mvuke. Mwaka mmoja kiwandani gunia la mapaipu lilichanganyika na la mitungi. Nilikuwa zamu ya usiku. Kwanza nikaskia harufu kali kama ya Jik lakini inachoma zaidi, macho yakaanza kutoa machozi, halafu kijana aliyekuwa analisha mashini akainama akaanza kukohoa hawezi simama, tukamburuta nje kwa nyasi. Alilala hospitali siku tatu. Asubuhi tulipofungua mashini, ile skrubu kubwa ya chuma iliyokuwa inang'aa ilikuwa imepata kutu nyekundu mwili mzima kama imekaa ziwani. Hiyo ni chuma, na mapafu ni nyama. Kwa hivyo nakuomba, wewe na wenzako wanne, msiyeyushe PVC na msichome nyaya mtoe shaba, ule moshi una asidi na una dayoksini, sumu ambayo inakaa mwilini miaka.

Kama una shaka na kipande, chukua waya wa shaba uliovuliwa, upashe kwa moto mpaka uwe mwekundu na moto usiwe na rangi, uguse kile kipande, urudishe motoni. Ukiona moto umegeuka kijani, hiyo ina klorini, weka kando. Fanyia nje upepo ukiwa mgongoni na kipande kiwe kidogo kama punje ya mchele.

Halafu kuna zile hazitayeyuka hata ufanye nini. Mshikio mweusi wa sufuria, sahani za melamini, sponji ya godoro, tairi. Leo Baekeland, Mbelgiji aliyekuwa Marekani, ndiye alitengeneza ile ya mshikio mwaka wa 1907. Hizo minyororo yake haijapitana tu, imefungwa moja kwa nyingine kwa mafundo ya kweli kila upande, ni molekuli moja kubwa kama wavu mzima. Ni kama yai, ukishalichemsha halirudi maji. Tairi limefungwa hivyo na salfa, kwa hivyo huwezi liyeyusha ulimwage, ndio maana fundi wa akala anakata na kisu.

Sasa petroli. Wazo lako si la kipumbavu, kemia inakubali. Ukipasha polithini digrii 400 mpaka 500 ndani ya chombo kisichoingiza hewa, minyororo inakatika na unapata mvuke, ukiupoza unapata mafuta. Lakini angalia inakatika wapi. Inakatika popote. Haichagui kaboni nane ndio ikupe petroli, inakupa kaboni mbili, nane, kumi na tano, thelathini, vyote pamoja, yani umerudi kwa mafuta ghafi na unahitaji ule mnara tena. Ukiweka hiyo kwa boda, nta itaganda kwa kabureta asubuhi ya baridi, na zile kaboni zenye mikono miwili zitashikana polepole ziwe gundi ndani ya tenki. Kama kuna PET imeingia, inatoa unga wa asidi unaoziba paipu, na paipu likiziba kwa chombo kilichojaa mvuke wa petroli juu ya moto wa kuni, hiyo ni bomu imekaa katikati ya nyumba za watu Manyatta. Viwanda vinavyofanya hii kazi vina vali za kuachilia presha, gesi ya kufukuza oksijeni na watu wa kuangalia usiku na mchana. Hata mimi na miaka yangu yote siwezi ijaribu nyuma ya nyumba, na wewe tafadhali usijaribu.

Kazi iko kwa posti. Anza batchi moja ya mitungi ya manjano na kreti peke yake, osha ikauke, pika 190, moldi ukishamwaga usiifungue haraka, ndani inachelewa kupoa kuliko nje na ukiitoa mapema inajikunja na kuacha mashimo katikati. Kata posti ya kwanza na msumeno katikati uangalie. Ukiona rangi moja bila punje, ipige nyundo, halafu ndio upike ya pili.